Penisilini ya sungura hainyweshwi

Huku Kisauni nasikia sana watu wakisema ati sungura akiandikiwa sindano za penisilini na wewe waogopa kumchoma, mnyweshe tu, dawa ni ile ile. Jamani, hapana! Sungura huvunja majani kwa bakteria wazuri walioko tumboni, sasa penisilini au amoksilini ikipita mdomoni yawaua hao, wale wabaya wazaliana watoa sumu, mara anahara, anakataa nyasi, na anaweza kufa kabisa. Ikichomwa chini ya ngozi haishuki tumboni moja kwa moja, ndo maana daktari wa mifugo akaandika sindano.

Na kuchoma kwenyewe si kugumu hivyo, mwambie daktari akuoneshe mara ya kwanza: mfunge kwa taulo, vuta ile ngozi iliyolegea mabegani isimame kama hema, ingiza sindano hapo chini, kisha vuta kile kijiti cha kusukumia dawa nyuma kidogo, ukiona damu yaingia kwa bomba toa sindano, maana penisilini ile nyeupe haitakiwi mshipani. Manyoya yakilowa, sindano imetokea upande wa pili, usirudie dozi kabla hujampigia daktari.

Simbilisi ndo usijaribu, yeye hata ya sindano yaweza kumuua.