Jasho la baiskeli si mafuta yanayoyeyuka

Wengi huamini kwamba anayekwenda kazini kwa baiskeli anaweza kula apendavyo, maana jasho limeshayeyusha mafuta. Si kweli. Jasho ni maji: nusu kilo iliyopungua kwenye mizani hurudi ukinywa nusu lita. Mtu wa kilo 70 akiendesha kwa mwendo wa wastani kwa dakika 30 hutumia takriban kalori 200 hadi 240, na soda ya mililita 500 huzirudisha karibu zote. Wengi hukwama wakishafika: njaa inauma, wanaagiza chai ya sukari na chapati mbili. Afadhali kula yai la kuchemsha na kiazi kitamu kabla ya kutoka. Jioni, ugali uwe kama ngumi, nusu ya sahani iwe mboga. Mafuta ya kupikia yapimwe. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi.