Majibu Yapo, Msingi Bado: Dhana Potofu Kuhusu Nyuga za Kwanta

“Maabara imeshathibitisha nadharia ya nyuga za kwanta, kwa hiyo hisabati yake imekamilika.”

Nadharia hii huzieleza chembe ndogo kabisa, kama elektroni, kuwa mitikisiko ya nyuga zilizoenea kila mahali. Kilichothibitishwa ni majibu. Usumaku wa elektroni uliokokotolewa kwa nadharia ya nyuga za kwanta unalingana na uliopimwa kwa takriban tarakimu 12, na sijui tawi jingine la sayansi linaloweza kujigamba hivyo. Ila hesabu yenyewe ni kujumlisha vipande vya mfululizo, kila kimoja kidogo kuliko kilichotangulia. Mwaka 1952 mwanafizikia Freeman Dyson alitoa hoja kwamba ukijumlisha bila kusimama, vipande vitaanza kukua na jumla haitatulia. Tuchukulie, alisema, elektroni zinavutana badala ya kusukumana. Jozi za chembe zingezuka kwenye ombwe (nafasi tupu), elektroni zikajikusanya huku na positroni, pacha zake zenye chaji chanya, kule, nishati ikashuka bila kikomo. Mfululizo unaotulia ungepaswa kutulia katika hali zote mbili, na hii ya pili haitulii kamwe.

Wanafizikia husimama mapema na kupata jibu zuri. Mwanahisabati anabaki akiuliza: mnakadiria kitu gani, ikiwa kitu chenyewe hakijafafanuliwa?

“Shida ni zile namba zisizo na kikomo zinazozuka ndani ya hesabu tu.”

Hizo zilishapatiwa dawa, na mwanafizikia Kenneth Wilson, Nobeli ya 1982, alieleza kwa nini dawa inafanya kazi. Ila inatibu kipande kimoja kimoja cha mfululizo, jumla haiigusi.

“Hakuna nadharia hata moja iliyojengwa kikamilifu.”

Zipo. Wanahisabati James Glimm na Arthur Jaffe walijenga nyuga zenye chembe zinazogongana, kwanza katika vipimo viwili vya nafasi na wakati, kisha vitatu. Ulimwengu wetu una vinne, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Mwaka 2021 Michael Aizenman na Hugo Duminil-Copin walichapisha uthibitisho kwamba uga rahisi wa aina hiyo, ukijengwa kwa njia ya kawaida katika vipimo vinne, huishia kuwa na chembe zinazopishana bila kuathiriana.

“Kompyuta zitamaliza kazi.”

Zimekokotoa tungamo la protoni vizuri sana, lakini kwenye gridi ya nukta zilizoachana. Kinachotakiwa ni uthibitisho kwamba nadharia ya Yang-Mills, aina ya nadharia ya nyuga inayoeleza kani inayoshikilia viini vya atomi, inabaki na maana umbali kati ya nukta hizo ukipunguzwa hadi sifuri, na kwamba chembe yake nyepesi kuliko zote bado ina tungamo. Taasisi ya Hisabati ya Clay iliweka dola milioni moja kwa atakayeuleta, mwaka 2000. Hazijachukuliwa.