Cheche Iliyojificha Ndani ya Friji

Nikienda kukagua usalama wa umeme maabara, wenyeji hunipeleka moja kwa moja kwenye vichomeo vya gesi. Moto unaoonekana, kila mtu anauogopa. Mimi huomba kwanza kufunguliwa friji.

Friji ya nyumbani ina thamostati inayokata na kurudisha umeme mchana na usiku. Mlangoni kuna swichi ya taa, na nyingine zina hita ya kuyeyusha barafu. Kila viunganishi vya umeme vinapoachana, kicheche huruka. Kwa maziwa haina neno. Kwa chupa ya etha, kiyeyusho cha maabara kinachogeuka mvuke upesi, ambayo kifuniko hakikukazwa, hilo ni jambo lingine kabisa. Mvuke wa etha ukifika takriban asilimia 1.9 ya hewa, unaweza kuwaka. Chukua friji ya lita 200, fanya hesabu: zinatosha mililita 17 hivi, yaani kijiko cha mezani na tone juu yake. Siku nilipoikokotoa mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimekosea nukta ya desimali.

“Lakini mle ni baridi,” wenyeji huniambia. Etha hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye nyuzi 45 chini ya sifuri. Baridi ya friji kwake ni kama jua la mchana. Tena mle hewa haitoki, kwa hiyo mvuke unajikusanya tu. Dawa ni friji iliyoundwa kwa ajili ya vimiminika vinavyowaka, yenye vidhibiti vyote nje ya sehemu ya kuhifadhia. Ila kumbuka, hiyo inakukinga na mvuke wa ndani tu. Kama mvuke umetanda chumbani, relei, yaani swichi ya kuwashia kompresa, iliyo nyuma bado inaweza kuuwasha. Chumba cha namna hiyo kinahitaji friji ambayo hata mota na waya zake zimezibwa zisiwashe hewa ya nje.

Sahani ya umeme ya kupashia joto ina hatari mbili: cheche za thamostati, na uso wake wenyewe. Kimiminika kinaweza kuwaka bila cheche yoyote, kwa kugusa tu kitu cha moto. Asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, huhitaji nyuzi 465 hivi. Etha, chini ya 200. Kaboni disulfidi, kiyeyusho kingine, ndiyo inayonitisha, maana huwaka kwenye nyuzi 90 hivi, kabla hata maji hayajachemka. Bomba la mvuke wa maji linatosha. Etha naipasha kwa maji yaliyochemshiwa mbali nayo. Na kitufe kilicho kwenye sifuri si ushahidi kwamba sahani imezimika, kwani swichi iliyoliwa na kutu huweza kuendelea kupitisha umeme. Kazi ikiisha, na mvuke ukiwa umetoka, chomoa plagi.

Kwenye mota, tazama kama ina brashi za kaboni, vile vipande vinavyosugua sehemu inayozunguka ili kuipelekea umeme. Zikiwepo, zinatoa cheche muda wote inapozunguka. Kwa kukorogea vimiminika hivi, chagua mota isiyo na brashi, au inayoendeshwa kwa hewa.

Oveni nazitaja kwa ufupi: usiingize vyombo vilivyosuuzwa kwa asetoni kabla havijakauka.

Sasa soketi. Mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa mara mbili na nusu, hivyo hutambaa chini. Waya wa kurefushia uliolazwa sakafuni ndipo unapofikia. Kimiminika kikimwagika, mkono wa mtu hukimbilia plagi ili azime kila kitu, na kule kuchomoa ndiko kunakotoa cheche. Usiguse swichi yoyote mle ndani, hata ya kuzima. Toka, kata umeme kutoka swichi kuu iliyo nje ya mlango.

Kwa hiyo swali langu la mwisho kwenye ukaguzi ni: swichi kuu iko wapi? Zaidi ya mara moja nimeonyeshwa kisanduku kilichofungwa kwa kufuli, nyuma ya kabati, na aliye na ufunguo yuko likizo.