Maana ya uhusiano na vyombo vya habari

Uhusiano na vyombo vya habari ni kazi ya kuwapatia waandishi, kwa wakati na kwa uwazi, taarifa za taasisi ambazo wananchi wana haki au haja ya kuzijua, huku uamuzi wa kuzichapisha, kuzifupisha au kuziacha ukibaki mikononi mwa mhariri. Tangazo ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa mwenye tangazo hulipia nafasi na kuchagua kila neno.

Misingi ya uhusiano huu na vyombo vya habari ilitamkwa wazi nchini Marekani mwaka 1906, pale Ivy Lee, aliyekuwa ameandikia magazeti ya New York, alipoajiriwa na wamiliki wa migodi ya makaa ya mawe. Aliwapelekea wahariri tamko kwamba kazi yake ingefanyika hadharani, kwamba taarifa zake hazikuwa matangazo, na kwamba mhariri yeyote aliyetaka kuzihakiki angesaidiwa. Oktoba mwaka huohuo treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini kutoka darajani huko Atlantic City, na watu zaidi ya 50 wakafa. Lee, aliyekuwa akiihudumia kampuni hiyo, aliwapa waandishi taarifa ya tukio, ambayo hutajwa mara nyingi kuwa ndiyo taarifa ya kwanza ya aina hiyo kwa vyombo vya habari.

Hata hivyo, sehemu inayofundisha zaidi ni ile ya mwaka 1914, baada ya wachimbaji waliogoma na jamaa zao kuuawa huko Ludlow, Colorado. Lee, akiwa upande wa Rockefeller, tajiri ambaye familia yake ilikuwa na hisa nyingi katika kampuni ya migodi hiyo, alisambaza taarifa zilizotia chumvi malipo ya viongozi wa mgomo, na alipohojiwa na tume ya serikali alikiri kwamba hakuhakiki aliyoletewa na wakubwa wa kampuni.

Kwa hiyo afisa habari, awe wa halmashauri, hospitali au shirika, huanza kazi ndani ya ofisi yake mwenyewe: kabla ya kuandika nani, nini, wapi, lini na kwa nini, humwendea mhasibu, mhandisi au daktari anayehusika na kuuliza takwimu zimetoka wapi. Chini ya taarifa huweka jina na namba ya simu, kisha huipokea simu hiyo mwandishi anapopiga, hata jioni ambapo chumba cha habari kinakaribia kufunga kurasa.