Je, wajua? Nukta ya bei haimo ndani ya faili la COBOL

Chukua programu ya mauzo ya dagaa pale Kibirizi, Kigoma, iliyoandikwa kwa COBOL, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Bei ya kilo inaweza kutangazwa hivi, chini ya rekodi yake kuu, yaani ya ngazi 01:

05 BEI-YA-KILO PIC 9(5)V99.

PIC hueleza umbo la namba: 9(5) ni tarakimu tano, V ni mahali pa nukta, na 99 ni tarakimu mbili. Nukta ya desimali inakaa wapi? Wanaoanza kujifunza huiona ile V na kuhesabu nafasi nane: tano za shilingi, moja ya nukta, mbili za senti. Sivyo. Nafasi ni saba tu. Shilingi 32,500 inahifadhiwa kama 3250000, na nukta haiandikwi popote.

V ni kama ule mstari uliochapwa kiwandani kwenye daftari la hesabu, kati ya safu ya shilingi na safu ya senti. Karani hauandiki, anajaza tarakimu kushoto na kulia kwake. Mwondolee mstari huo msomaji, umwachie tarakimu peke yake, naye ataona milioni tatu na robo. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Programu nyingine ikisoma faili lile lile kwa tangazo la 9(7), itapata 3,250,000 bila kulalamika, maana tarakimu zote ni halali. Maana ya namba imo kwenye tangazo, haimo kwenye faili.

Nukta ya kweli ipo, ila ni ya kuchapisha risiti: PIC ZZ,ZZ9.99, ambapo Z huficha sifuri za mwanzo. Sehemu ya namna hiyo hupokea jibu, lakini haiwezi kujumlishwa na nyingine.

COBOL ilianza kubuniwa mwaka 1959 kwa kazi za biashara, na hapo ndipo uzuri wa mpango huu unapoonekana. Sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa desimali za mfumo wa jozi, yaani wa tarakimu 0 na 1 tu, lakini kwa V99 senti kumi ni senti kumi kamili.

Usahihi huo una mipaka. Ukigawanya bila kuandika ROUNDED, neno la kukadiria jibu hadi tarakimu ya karibu, tarakimu zinazozidi kulia hukatwa tu. Hatari zaidi iko kushoto: ukihamisha 123,456 kwa MOVE kwenda BEI-YA-KILO, inabaki 23,456, kimya kimya. Kwenye COMPUTE, amri ya kukokotoa, unaweza kuweka kinga ya ON SIZE ERROR, inayosema la kufanya jibu lisipoenea. MOVE haina kinga hiyo. Kwa hiyo upana wa sehemu upimwe kwa bei kubwa kabisa inayoweza kutokea, si kwa bei ya sokoni leo.