Riba ya Benki Kuu haipangi bei ya nyanya

Mvua ikikata barabara na sado ya nyanya ikapanda pale sokoni Ilala, hakosi mtu wa kusema: "Benki Kuu wamelala, si wapandishe riba bei zishuke!" Maneno ya siku nyingi hayo, na yana ukweli nusu.

Riba ya Benki Kuu ya Tanzania, iliyoanza Januari 2024 kwa asilimia 5.5, huongoza riba ambayo benki hukopeshana. Ikipanda, mikopo hubana: mwenye duka Kariakoo anaahirisha kontena la pili, na kuli aliyelitegemea anakosa kibarua. Yaani shughuli hupoa kwanza, bei hufuata miezi mingi baadaye. Kwetu njia hiyo ni nyembamba zaidi, maana wengi hukopa kwenye vikoba au kwa mangi wa duka la mtaani, ambako riba hiyo haina habari nao.

Nyanya zilizokwama njiani hazisikii riba; zingesikia daraja. Inachoweza riba ni kuzuia wimbi la pili: bodaboda kupandisha nauli kwa kisingizio cha chakula, na muuza chipsi kupandisha sahani kwa kisingizio cha nauli.