"Stage": neno moja, steji ya Kiboswa na hatua ya ugonjwa

Anayesafiri kwa matatu kutoka Kisumu kwenda Kakamega hupita Kondele, Mamboleo, Kiboswa, Majengo, Mbale na Chavakali, na kila anapokaribia mojawapo ya sehemu hizo humsikia makanga akiuliza kama kuna wa kushuka steji. Neno hilo, lililotoka katika Kiingereza "stage", limezoeleka hata tunalipatanisha kisarufi bila kufikiri: steji hii, steji zote. Tatizo ni kwamba Mwingereza wa leo hakiiti kituo cha basi kwa jina hilo. Kwa hiyo Mkenya anapokutana na "stage" kitabuni, hospitalini au katika taarifa ya mafuriko, maana inayomjia kwanza ni ya barabarani, na mara nyingi siyo iliyokusudiwa.

Asili ya neno ni kitenzi cha Kilatini "stare", yaani kusimama, kilichopitia Kifaransa cha kale kabla ya kuingia Kiingereza. Mahali pa kusimama pakawa sakafu iliyoinuliwa, na sakafu hiyo ikawa jukwaa la waigizaji. Kwa maana hii Kiswahili kina "jukwaa", na pia "ulingo", ambalo kwanza lilikuwa jina la jukwaa la shambani ambapo mtu hukaa kuwafukuza ndege wasiimalize nafaka. Wakulima wa mpunga wa Ahero wanaijua kazi hiyo vizuri kuliko wanasiasa wanaozungumzia "ulingo wa siasa".

Tawi la pili ni la safari. Kabla ya reli kuenea Uingereza katika karne ya 19, abiria walisafiri kwa magari ya kukokotwa na farasi, na kwa kuwa farasi huchoka, ilibidi wabadilishwe njiani. Pale walipobadilishiwa paliitwa "stage", na umbali kutoka badiliko moja hadi jingine nao uliitwa "stage". Sheria ya barabara ya Uingereza ya mwaka 1930 bado ilitumia neno hilo kuyatofautisha mabasi yanayobeba na kushusha abiria njiani na aina nyingine za mabasi. Steji yetu imo katika ukoo huo, ila sisi tulichukua nusu moja tu ya maana: tulishika mahali, tukaacha masafa. Na ni ile nusu tuliyoiacha iliyozaa maana ya sehemu ya mchakato, ambayo ndiyo inayotuletea utata mkubwa zaidi.

Mama yangu mdogo alipoambiwa kwamba saratani yake ya titi ilikuwa "stage three", alihesabu kama abiria: imebaki steji moja, kisha wote washuke. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba namba hizo, kuanzia 0 hadi 4, hueleza ukubwa wa uvimbe na umbali ambao ugonjwa umeenea mwilini wakati ulipogunduliwa. Kwa jumla, 0 ni seli zisizo za kawaida ambazo hazijavamia tishu za jirani. 1 ni uvimbe mdogo uliobaki pale ulipoanzia. 2 na 3 ni uvimbe mkubwa zaidi au ugonjwa uliofika kwenye tezi za limfu zilizo karibu. Na 4 ni ule uliosambaa hadi viungo vya mbali, kama vile ini, mapafu au mifupa. Namba hiyo haihesabu miaka wala miezi iliyobaki. Saratani nyingi za titi za hatua ya 3 hutibiwa kwa nia ya kuponya, na hata katika hatua ya 4 kuna matibabu ya kuudhibiti ugonjwa na kupunguza maumivu. Tena, kipimo kiitwacho "grade" ni kingine kabisa, kwani hicho hueleza jinsi seli zinavyoonekana kwenye hadubini.

Wengi hutafsiri maana hii kwa "hatua", nami naikubali, ingawa ina udhaifu wake, kwa sababu hatua ni ya mguu na pia ni jambo linalochukuliwa dhidi ya kosa. "Awamu" hufaa zaidi kwa kazi iliyopangwa kwa zamu, kama awamu ya pili ya ujenzi wa barabara. Ugonjwa haukupangiwa zamu. Mweleza ugonjwa na aseme "hatua ya 3", kisha aongeze papo hapo ugonjwa umefika wapi.

Katika elimu ya mito, "stage" si hatua wala kituo, bali ni kimo cha uso wa maji kikipimwa kutoka alama maalumu. Katika Mto Nzoia, kituo cha upimaji kiko kwenye daraja la Rwambwa, juu ya nyanda za Budalangi zinazofurika mara kwa mara. Kimo hicho si lazima kilingane na kina cha mto, kwa kuwa sifuri ya kipimo huenda isiwe sakafuni mwa mto; wala si kiasi cha maji yanayopita, ambacho hukadiriwa kwa mita za ujazo kwa sekunde. "Kimo cha maji" ndiyo tafsiri ya kutosha.

Kama kitenzi, neno hubadilika kulingana na kinachofuata: tamthilia huigizwa jukwaani, maandamano hufanywa, na ajali iliyo "staged" ni ajali ya kupangwa.

Wakati huohuo, steji imepata kwetu maana ambayo Kiingereza hakina. Wahudumu wa bodaboda, kazi iliyoanzia mpakani Busia, husema "steji yetu imechangia mazishi", wakimaanisha kikundi chenye mwenyekiti, mweka hazina na ada ya kujiunga. Hapo steji imekuwa watu, na mtafsiri akiandika "kituo" atakuwa amewaacha nje.